Vitako vya Jeshi la Baba

Halifax, 3 Novemba 1994

Baba mdogo Clifford,

Shikamoo. Kabla hujasoma mbele, nakuomba kila neno la barua hii libaki kwako. Usimwonyeshe mtu, na ukimaliza ichome. Baba akijua nimekuandikia sitajua pa kuuweka uso wangu.

U hali gani huko Whitby? Kifua kimepoa? Sisi tupo. Mimi bado ni karani kwa wale mawakili wa karibu na soko. Baba anakula kidogo, haulizi habari za mtu, na magazeti ameyaacha. Anasema yamejaa upuuzi. Daktari aliniita kando akasema moyo wake hautavuka majira mengi ya baridi.

Jumapili iliyopita alikuwa amepanga mezani wale askari wake wadogo wa kuchezea, Wafaransa, peke yake kama kawaida. Nilikuwa napita na chai. Akasema, bila kugeuka, "Clifford angewaleta Waprusi wake kwa upande ule." Miaka kumi na moja sijasikia jina lako kinywani mwake.

Mimi sichezi mchezo wenu, kwa hiyo niwie radhi nikiuliza kama mgeni. Najua mligombania vitako, vile vipande vya kadi ngumu mnavyogandisha askari juu yavyo. Najua majeshi yenye vitako visivyolingana hayawezi kupigana kwa haki. Niambie askari wako wamesimama juu ya kitako cha upana gani. Nataka kuwabadilisha wa Baba, kimya kimya, kisha nikukaribishe.

Usijibu nyumbani, mwandiko wako anaujua. Andika ofisini, na juu ya bahasha weka neno "binafsi", maana Bi Thackray wa hapo ofisini hufungua kila barua.

Mwanao,
Rowan

Whitby, 9 Novemba 1994

Rowan mwanangu,

Marahaba. Kifua kinakohoa, lakini bado ni changu. Nimefurahi kuona una mwandiko wa binadamu. Baba yako anaandika kama kuku.

Vitako vyangu ni milimita sitini kwa thelathini, kikosi kizima juu ya kimoja. Askari wetu ni wadogo kama punje za mchele, na raha yake ni hiyo: unaweka mia moja pamoja, unatia mchanga na majani, unaona kikosi kweli. Baba yako Neville alitaka vipande vidogo vinne kwa kila kikosi, ili avisogeze viwe mstari, safu au mraba. Mbele ya klabu nzima akasema nimegandisha jeshi juu ya sinia za chai. Nikamwambia yeye anasukuma makombo ya mkate. Tukacheka. Kisha hatukucheka. Kwenye mazishi ya bibi yako tulisimama pande mbili za kaburi.

Mimi sikati tena. Akitaka kupigana nami, aje kwenye kipimo changu. Wewe ukimbadilishia, hilo ni shauri lako. Waloweke askari kwenye maji ya vuguvugu, halafu pitisha kisu chembamba chini ya miguu. Usivute.

Yeye mwenyewe alisema nije? Au ni wewe tu?

Baba yako mdogo,
Clifford

Halifax, 15 Novemba 1994

Baba mdogo,

Shikamoo. Natumaini kikohozi kimepungua. Hapa ni mvua, na Baba amekuwa mkimya zaidi.

Hakusema uje. Ni mimi tu. Lakini kazi inakwenda. Kila siku nabeba sanduku moja la askari ndani ya mkoba, na saa ya chakula najifungia chumba cha majalada na bakuli la maji. Mara Bi Thackray aligonga, nikamwaga kikosi kizima sakafuni. Nilimwambia naokota pini.

Naona aibu kukuambia jambo moja. Vitako vya Baba vimeharibika. Vingine vimekatwa pembe, vingine vina mapengo ubavuni, moja, mawili, kama vimetafunwa. Nadhani mkono wake hauna nguvu tena. Nimevitupa vyote pamoja na taka za ofisi, asije akaviona akaumia. Vipya ni safi, sitini kwa thelathini, vimenyooka kama ulivyoagiza. Nimebakiza mizinga tu. Jumapili atafungua masanduku.

Mwanao,
Rowan

Whitby, 17 Novemba 1994

Rowan,

Barua yako imefika sasa hivi na naijibu nikiwa nimesimama. Acha. Usikate kingine.

Kaka yangu hajawahi kukata kitu kombo katika maisha yake. Tukiwa watoto alikuwa akipima mkate kwa rula kabla ya kugawana nami. Kama kuna mapengo, ameyaweka kwa makusudi. Sijui kwa nini, na silipendi wazo linalonijia. Mtazame anapomimina chai. Angalia kama anaingiza kidole kikombeni.

Clifford

Halifax, 21 Novemba 1994

Baba mdogo,

Shikamoo. Barua yako nimeikuta ofisini leo, Jumatatu. Jumapili imeshapita.

Alikaa mezani akafungua sanduku la kwanza. Alitoa kikosi, akapitisha kidole ukingoni, akakizungusha pande zote, akarudia. Akachukua kingine. Uso wake ulikuwa umeelekea dirishani muda wote. Nimeuona ukielekea huko mwaka mzima na sikufikiri kitu. Kisha akauliza polepole, "Rowan, hawa ni akina nani?"

Nikasema ni Wafaransa wako, Baba, nimewapa vitako vipya ili uweze kucheza na Baba mdogo.

"Wangu wako wapi?"

Pembe iliyokatwa ilikuwa alama ya kikosi cha Walinzi. Pengo moja, wapanda farasi wepesi, mawili, wazito. Ukingo mzima, askari wa miguu. Alivikata mwenyewe, mwaka jana, nuru ya macho ilipokuwa inamtoka, kabla haijaisha. Hakutaka nijue, akihofu nitaacha kazi nimwangalie. "Nilikuwa bado nawaona," alisema. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Nilikuwa nakuficha ofisini bure. Barua yako angeweza kuishika mchana kutwa asijue ni ya nani.

Tangu jana hajagusa chakula wala redio. Nilimwambia nitakata upya, nitoboe mapengo yote. Akauliza nitajuaje yupi ni yupi. Sijui. Nimewachanganya, na kwangu wote ni punje za buluu. Mliowapaka rangi ni ninyi wawili. Anayeweza kuwatambua kwa macho umebaki wewe.

Usijibu, barua itachelewa. Nyumbani usipige simu. Akisikia sauti yako kwenye waya atakata. Njoo Jumamosi kwa treni ya asubuhi. Nitakuwa stesheni chini ya saa, nimevaa koti la babu, lile la vifungo vya pembe; utalijua. Tutaingia kwa mlango wa nyuma. Yeye atakuwa mezani, karibu na jiko. Usimsalimu. Keti upande wa pili wa meza, chukua kikosi kimoja, kiweke mkononi mwake, umwambie ni kina nani. Kisu nimekiweka tayari, pamoja na kadi za kipimo chake cha zamani.

Usiposhuka kwenye treni ya kwanza, nitangoja ya pili.

Mwanao,
Rowan