Ulimi Wangu na Maji ya Tangi

Jumanne, Kawe

Basi, ni mie mwenyewe niliyewaua samaki wangu. Jana mvua ilipokatika nilikwenda ufukweni kuchota madumu mawili ya kubadilishia maji ya tangi. Nikaonja kwa ulimi, kipimo changu cha miaka ishirini na sita ya kufuga samaki wa baharini, nikaona chumvi inatosha. Kumbe maji ya mto yalishaingia baharini, chumvi imepungua.

Amebaki mmoja, yule wa milia aliyechaguliwa na binti yetu Neema kabla hajaolewa. Amelala ubavu, anahema kwa shida.

"Baba Neema, daktari kakukataza chumvi wewe, sio samaki," mke wangu kanitania. Nikacheka, kisha nikarudi kwenye tangi.

Sasa hivi nimeonja tena. Ulimi, uliozoea chakula kisicho na chumvi, bado unaniambia maji yako sawa.