Magazini Tatu Ndani ya Ndagala

Buffalo, 4 Mei 2025

Mama mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, kikohozi kimekwisha, na huku Lower West Side theluji imetuacha kwa sasa. Goti lako la kushoto linasemaje?

Nina swali linalohusu kazi yako. Unaijua ile klabu ninayokwenda Jumamosi, tunapiga sahani za chuma kwa bunduki ya risasi ndogo. Mara mbili nimeshindwa kwenye mashindano, si kwa shabaha bali kwa magazini, kile kibweta cha kuwekea risasi. Yangu ni ya ovyo. Risasi ya tatu au ya nne inakwama, nabaki naangalia saa ikienda. Wewe unakagua springi za viti vya magari kutwa nzima. Mtu anajuaje kwamba hii itadumu na ile itachoka? Niambie tu cha kutazama, nitanunua mwenyewe huku.

Kiapo changu cha uraia kimepangwa tarehe 12 Juni. Niombee.

Mwanao,
Dionizi


Louisville, 22 Mei 2025

Mwanangu Dionizi,

Tumsifu Yesu Kristo, milele amina. Nimejiitikia mwenyewe, maana siku hizi unasalimia kama mtu anayekimbilia basi. Goti lipo, linanipeleka kazini na linanirudisha. Nakuandikia kwa mkono na kuipiga picha hii karatasi, kwa sababu kwenye simu unanikatiza.

Umeniuliza cha kutazama. Sasa mimi, miaka sita kwenye meza ya ukaguzi, nikae nikutajie tu kama mwalimu? Nimekwenda mwenyewe. Basi mbili mpaka duka la bunduki, mimi niliyetoka Burundi nikikimbia mlio wa hizo hizo bunduki na mimba yako tumboni. Muuzaji akaniuliza, "Unamnunulia mumeo?" Nikamwambia mume wangu Sylveri yuko kaburini, na hata angekuwa hai asingejua springi.

Akaniletea ya kwanza, plastiki inayong'aa, anaisifu. Nikaitazama kwa juu: mdomo mmoja kati ya ile miwili inayoshika risasi umepinda, kazi ya kulipua. Nikairudisha. Ya pili akasema hii wote wanaipenda. Wote ni akina nani? Nikaikandamiza kwa kidole gumba mara kumi. Springi ilianza na nguvu, ikaishia kupumua kama mgonjwa, na kile kipande kinachosukuma risasi kinalalia upande. Nikairudisha. Kufika ya nne yule bwana akavuta kiti akakaa.

Niliyoichagua ina midomo ya chuma. Springi yake inarudi mwisho kama ilivyoanza. Tena inafunguka ikasafishwa, maana hizo risasi zako ndogo zinaacha masizi na mafuta, na uchafu ndio unaokwamisha. Na wewe kujaza hujui, nina hakika. Zina ukingo kwenye kitako. Ukizitumbukiza ovyo, ukingo wa juu unakaa nyuma ya ule wa chini, zinashikana. Kila moja itangulie mbele kidogo kuliko iliyo chini yake. Taratibu. Hujazi gunia la mihogo.

Nimekuchukulia tatu, zile ndefu za risasi ishirini na tano. Mtoto wa Kostansia asimame abadilishe magazini wenzake wakiendelea kupiga? Jumuiya nzima imeshaambiwa kwamba mwaka huu kikombe ni chako.

Kesho alfajiri Rurangwa wa jumuiya yetu anakuja huko na gari lake kwenye arusi. Atalala Columbus kwa Florida dada yako, kesho kutwa yuko kwako. Nimezifunga katikati ya ndagala wakavu, kilo mbili, kwa kuwa Rurangwa ni mdaku. Nimemwambia ni samaki.

Mama yako mzazi,
Kostansia


Buffalo, 23 Mei 2025

Mama,

Tumsifu Yesu Kristo, natumaini umeamka salama. Nisamehe kwa haraka hii.

Nilisema nitanunua huku. Nilikuwa na sababu. Huko Kentucky hizo ndefu ni halali, lakini katika jimbo hili magazini ya zaidi ya risasi kumi hairuhusiwi. Kuwa nayo tu ni kosa. Nimebakiza siku ishirini niape, na ukituma mzigo huo kwangu unanitumia kesi. Miaka kumi na tatu nimesubiri, Mama.

Halafu Rurangwa. Mtu ana watoto watano, amebeba kitu asichokijua. Askari wakimsimamisha atasema nini, kwamba ni samaki?

Simu yake haipatikani. Florida yuko maabara, hapokei. Wewe unaiacha simu kwenye kabati la kiwanda mpaka jioni. Ukisoma hii, piga.

Dionizi


Buffalo, 24 Mei 2025

Mama,

Shikamoo. Rurangwa amefika. Nimefungua mfuko chini ya meza, mlango nimeufunga kwa ufunguo. Kuna ndagala, na si kilo mbili. Hakuna kitu kingine.

Ziko wapi? Bado zimo garini mwake? Nikimuuliza ninamwambia alichobeba, nisipomuuliza atarudi nazo barabarani. Amekaa sebuleni kwangu, anasifia chai. Jibu.

Dionizi


Louisville, 25 Mei 2025

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimeamka vizuri, asante, ingawa hukuuliza goti.

Acha kumwangalia Rurangwa kama mwizi, hana kitu. Ziko Columbus. Dada yako aliona mfuko wa ndagala jikoni kwake, akasema Mama kamtumia Dionizi peke yake, mimi je? Usiku mgeni akiwa amelala akaufungua ajimegee nusu. Akatoa ndagala, akatoa na hivyo vitu. Florida si mjinga kama sisi wawili, alisoma sheria ya huko kabla hajala. Akazifungia sandukuni, akamwachia Rurangwa samaki waliobaki, kisha akanipigia akanifokea dakika arobaini. Mimi. Mama yake. Tangu akiwa mdogo kambini nampiga mkono kwa kudokoa kwenye chungu, na sasa mkono huohuo ndio umetuokoa. Nimemwambia asizoee.

Lakini Dionizi, ungeandika mstari mmoja tu, "huku mwisho kumi", ungepungukiwa nini? Karatasi ilikwisha?

Haya. Kosa ni langu. Nilikuwa nimeshajisifu, nikaona zile za risasi kumi ni aibu. Rurangwa akirudi nitamwambia kweli, uso kwa uso.

Mama yako


Buffalo, 15 Juni 2025

Mama mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Goti linaendeleaje? Naanza nalo ili amani iwepo.

Alhamisi niliapa. Suti ilinibana, lakini niliapa. Jana nikaenda klabu na magazini mpya ya risasi kumi, niliyoichagua kwa kidole gumba mpaka muuzaji wa huku naye akavuta kiti. Nilijaza kama ulivyosema, moja mbele ya nyingine. Haikukwama hata mara moja. Nimekuwa wa pili. Aliyenishinda ni bibi wa miaka sabini.

Asante, Mama. Nisamehe kwa ukali.

Mwanao, raia,
Dionizi


Louisville, 22 Juni 2025

Raia wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Goti limecheza ngoma tangu Alhamisi ile, sasa limevimba.

Rurangwa nimemwomba radhi mbele ya mkewe. Alimaliza kwanza chai yake. Kisha akasema mzigo wangu atabeba tena, ila ndagala atawahesabu mmoja mmoja mezani kwangu. Nimekubali. Florida alikuja wikiendi na zile tatu, nimezirudisha dukani. Yule bwana alinipa kiti kabla sijasema neno.

Jumuiya wameniuliza mbona mwanangu anatumia risasi kumi tu. Nimewaambia ndizo alizoruhusiwa. Mama mmoja akatikisa kichwa akasema, kumbe ni hodari hivyo, hahitaji ya kumi na moja. Wote wakapiga makofi.

Sikuwasahihisha.

Mama wa raia,
Kostansia