Shavu Langu la Kushoto

Mpendwa Mama,

Doa limeanza kufifia. Nimekaa na habari hii bila mtu wa kumwambia, kwa sababu wewe ndiwe uliyestahili kuambiwa kwanza.

Unazikumbuka picha zetu? Baba amezitundika zote sebuleni, hapa nyumbani Skuta, Nyeri. Katika kila moja umesimama kushoto kwangu, shavu lako limegandamana na langu, pale penye doa jekundu nililozaliwa nalo, kutoka chini ya jicho hadi kidevuni. Hukuwahi kusema unalificha. Ulisema tu, "Sogea, nipate joto." Huku ni baridi, nami niliamini.

Nakumbuka siku ile sokoni, muuza viazi aliponitazama akauliza, "Woi, kwani huyu mtoto alichomwa na uji?"

"Hakuchomwa," ukamjibu. "Alizaliwa hivyo. Nipimie viazi."

Tulipofika mbali kidogo ukaninong'oneza, "Mdomo wake umejaa kuliko debe lake." Nilicheka mpaka nikasahau kujifunika na sweta.

Uliniahidi, "Ukimaliza shule, tutaenda kwa daktari wa leza, mimi na wewe." Ulifariki kabla sijafanya mtihani wa mwisho.

Siku ya mazishi mpiga picha aliita kama wanavyoita siku zote, "Watoto wa marehemu, karibuni kwa jeneza!" Mtoto ni mimi tu. Nikaenda nikasimama mahali pangu, jeneza likiwa kushoto. Mama mdogo Nekesa akaninong'oneza, "Geuza uso kidogo, mama." Sikuweza. Hiyo ndiyo picha ya kwanza inayoonyesha doa langu lote. Wewe ulikuwa umelala, na shavu langu lilikuwa peke yake.

Nilipomaliza shule Baba alinipeleka Nairobi. Muuguzi alinifunika macho kwa vikinga vya chuma. Mwanga ukipiga, ni kama ukanda wa mpira umevutwa na kuachiliwa usoni. Nilipoinuka nilikuwa na madoadoa ya zambarau, mabaya kuliko doa lenyewe. Baba, na upolisi wake wote, alienda akasimama dirishani akanipa mgongo. Zambarau ilipotoka, wekundu ukawa umepungua. Daktari anasema hautaisha wote, lakini nikiendelea utafifia zaidi.

Mama, naogopa kurudi. Si uchungu. Naogopa pale uliponiegemea patakuwa ngozi kama nyingine, nami sitajua tena shavu lako lilikuwa linaishia wapi.

Jana nilimwambia Baba kwamba sitaki tena. Alifungua kabati lako, akatoa kofia ya ukingo mpana ambayo sijawahi kuiona, bado ina kikaratasi cha dukani.

"Alisema ngozi ikishapigwa leza haitaki jua," akasema. "Alikununulia mapema. Unamjua mama yako."

Niliivaa. Ni kubwa kidogo. Inashuka upande wa kushoto.

Nitarudi, Mama. Sijafurahi, na sitaki kukudanganya kwamba nimefurahi. Lakini nitavaa kofia yako, na tukifika kwa daktari nitamwomba Baba akae kulia kwangu. Kiti cha kushoto tutakiacha wazi.

Lala salama, Mama. Huku bado ni baridi.

Ni mimi binti yako,
wa kulia kwako katika kila picha.