Nati Uliyotaka Kuiweka Chini

Mpendwa Baba Kulwa,

Nakuandikia nikiwa nimesimama. Nikikaa nainuka, nikiinuka nazunguka meza, mpaka watoto wamenichoka wameenda kwa jirani kuangalia televisheni. Sampo ya giaboksi, lile bakuli la chini linaloshika oili, iko barazani juu ya gazeti. Nimeitia mafuta ya taa kama ulivyokuwa ukifanya, kupima kama inavuja, na kila nikiandika kidogo naenda kuinama kuangalia. Gazeti likilowa, gari halitoki, na mananasi yangu yanaozea Sengerema. Likibaki kavu, nimekushinda. Sijui ni lipi linanitisha zaidi.

Unakumbuka ulivyolisifu gari hili tulipolinunua? Ni auto, ulisema, goti lako litapumzika na klachi za milimani. Siku ya kwanza ya kubadilisha oili ndipo ukagundua kwamba waliolitengeneza hawakuweka nati ya kumwagia oili chini ya giaboksi. Ikabidi ulale chali kwenye boksi ufungue boliti zote za sampo, na sampo iliposhuka upande mmoja, oili ikakuingia kwapani mpaka kiunoni. Nilicheka nikashindwa hata kukupa kitambaa.

"Cheka tu," ukasema hukohuko chini. "Shati utafua wewe."

Nilifua kweli. Halikutakata, nikaligeuza dekio.

Ndipo ukaapa kwamba nati utaweka mwenyewe. Jumamosi ile ukaivua sampo, ukaitoboa katikati kabisa, chini, ili oili yote ishuke. Nikakwambia weka ubavuni. Huku kwetu gari linapanda juu ya mawe likiwa na mzigo, tumbo linakwaruza. Boliti ikijitokeza hapo chini, siku moja jiwe litaing'oa na oili yote itabaki barabarani.

"Ubavuni oili nyingine inabaki ndani," ukasema. "Wewe endesha, ufundi niachie."

Fundi mzima, uliyekuwa unaendesha kutoka gereji mpaka kwenye lami na kurudi. Nilikasirika nikaenda zangu jikoni. Ukanawa mikono kwa sabuni ya unga, ukasema nati utaichomelea Jumatatu. Jumatatu tulikuwa hospitali, na kabla wiki haijaisha nilirudi nyumbani bila wewe.

Tangu hapo gari limekaa juu ya magogo na sampo yako ikawa chini ya kitanda. Nilikuwa naitoa, napitisha kidole kwenye tundu. Hukuwahi kulipiga tupa, kingo zake bado zinakwaruza. Ni kazi ya mwisho ya mikono yako, nami nikashindwa kuigusa kwa chombo chochote. Nikawa nakodi gari la watu, faida inaishia kwa mwenye gari, na sare za Kulwa na Doto zimekuwa fupi mpaka mwalimu ameniita.

Jana nikaibeba mpaka Mkuyuni kwa rafiki yako Masanja, yule mchomeleaji. Nikamwambia azibe tundu la chini, atoboe jingine ubavuni. Akavua miwani yake akaiweka mezani.

"Shemeji, hili alitoboa marehemu. Mimi naweka nati hapahapa alipotaka."

"Marehemu haendi kupakia mananasi," nikamwambia.

Neno lile liliniuma mwenyewe, lakini sikulirudisha. Masanja akaibana sampo kwenye bamba nene ili isipinde kwa moto, akaweka kiraka kwenye tundu lako. Nililia palepale mbele ya wateja wake, wala sikusingizia moshi. Kisha akatoboa la kwangu, akachomelea nati kwa nje, akachagua boliti fupi isije ikagusa chujio la oili lililo ndani. Oili kidogo itakuwa inabaki kila nikimwaga. Hapo ulisema kweli.

Nimekukasirikia sana, Baba Kulwa. Uliondoka ubishi ukiwa haujaisha, na mimi siwezi kubishana peke yangu. Nikipika nakujibu, nikioga nakujibu. Majirani wananisikia nasema jikoni wanadhani nina mgeni.

Nimetoka kuangalia tena. Nimeisogeza sampo pembeni, nimelipapasa gazeti lote kwa kiganja. Ni kavu, hata chini ya kiraka. Kesho Masanja anakuja kuifunga, na akimaliza navuka daraja kwenda Busisi, halafu Sengerema kupakia. Nilidhani nitafurahi. Nimebaki nimesimama barazani kama mjinga, nasubiri useme kwamba nimebahatisha.

Pumzika salama, mume wangu. Na kama bado unaona chini ndipo mahali pake, njoo ubishe.

Mkeo,
Mama Kulwa