Masharubu ya Mashine ya Theluji

Baba,

Imepoa. Nianze na hilo, maana najua ungekuwa hai usingesikiliza salamu wala habari za nyumbani mpaka nikwambie mashine imefanyaje. Imekwenda dakika arobaini, imevuta kigari cha watoto mizunguko yote, na mshale wa geji ya joto umekaa mbali kabisa na nyekundu. Nimeshika mpira wa maji kwa kiganja kama ulivyonifundisha. Vuguvugu, Baba. Kama maji ya kumwogeshea mtoto.

Nakuandikia hapa gerejini Rusayl, kwenye meza yako ya kazi, Alhamisi baada ya alasiri. Makaburini siendi, unajua kwetu wanawake hatuendi, na dua nakuombea kila sala. Lakini nina neno jengine ambalo si la dua. Ni la fundi kwa fundi, na ndani yake nakuomba radhi.

Unakumbuka tulivyocheka walipotuita kuitengeneza ile pikipiki ya theluji? Wewe uliyezaliwa Unguja ukakulia Maskati, theluji umeiona kwenye friza tu. Nje jua linayeyusha lami, na ndani ya ule ukumbi wa michezo ya theluji ya kutengenezwa watoto wamevaa makoti mpaka masikioni, na wewe umelala chini ya mashine na koti la kuazima linalokubana tumbo. "Zuwena, leo nnatetemeka kwa baridi Maskati. Ukisimulia hawatokuamini." Ndiyo ikawa kazi yako ya mwisho. Ulirudi nyumbani ukasema imepona. Siku ya tatu moyo ukakulaza hospitali.

Ukiwa umelazwa, Bwana Nasser mwenye ukumbi alinipigia simu niende kuipaka grisi kabla ya likizo ya shule. Nikakuta nyuma ya mashine, huku na huku, umefunga vijiti viwili vya chuma cha springi, vimepinda, ncha zinaburutika chini. Nikavitambua: springi ya mlango wetu wa zamani wa gereji. Niseme ukweli, niliona aibu. Mashine ya watu, inang'aa, na nyuma inaburuta vyuma chakavu. Nikasema huyu mzee na mazoea yake ya kufungafunga. Nikavitoa, nikavitupa nyuma ya kiti cha pikapu yako. Usilolijua ni kama usiku wa kiza.

Wiki ile ile ukatutoka.

Siku tatu za aza ya msiba wako hazijapoa, Bwana Nasser akapiga simu tena: mashine inachemka. Dakika kumi tu, taa nyekundu inawaka. Nikaenda. Maji ya kupozea yamejaa. Nikatoa hewa kwenye mabomba. Nikafungua pampu uliyoifunga mwenyewe, nzima. Themostati nikaitia kwenye sufuria ya maji ya moto juu ya jiko la chai, kama ulivyokuwa ukifanya, ikafunguka vizuri. Nikairudisha, mashine ikachemka. Nikarudi mara ya pili, mara ya tatu, hivyo hivyo.

Hapo ndipo Bwana Nasser aliposema mbele ya wafanyakazi wake: "Baba'ko, Allah amrehemu, nnamheshimu. Lakini ule mkono ulishachoka, ewe binti. Khalas, yatosha, ntawaita mafundi wengine."

Na mimi nikanyamaza.

Hilo ndilo lililokuwa likiniuma. Nilinyamaza kwa sababu na mimi nilishaanza kukushuku. Nilijiambia labda macho yako hayakuona vizuri, labda kichwa cha injini kimepinda na wewe ulikitazama juu juu. Miaka kumi na moja nimefanya kazi na wewe, sijaona gari lililorudi mara mbili kwa kosa lako, na nikakuuza kwa taa moja nyekundu. Nilichoweza kusema ni kuomba siku moja zaidi.

Nyumbani Ansab nako hakukuwa na raha. Mama yuko edani, hatoki, na kila nikirudi ananiuliza: "Ile mashine ya baba'ko ishapona?" Namwambia bado kidogo, nakwenda kunawa mikono niliyokwisha kuinawa.

Leo asubuhi nilifika na boksi lote la spana, nimekata shauri kuifumua injini. Nikapiga magoti, nikakusikia: "Usiguse kitu, we mtoto. Nnakwambia kila siku, muulize kwanza dereva." Ulikuwa ukinisema sana kwa hilo, na mimi nikikuona mpenda soga tu. Dereva wa mashine ile ni Barasa, mtu mzima, Mkenya wa Bungoma. Mara zote tatu nilimpita kwa salamu ya haraka. Leo nikamuuliza. Akanitazama kama mtu aliyechoka kungoja kuulizwa.

"Madam, hii kitu ilikuwa sawa kabisa mpaka ile siku ulitoa zile masharubu za mzee. Mi nilidhani unaenda kuzitengeneza."

Masharubu! Kumbe ulishayapa na jina. Akanieleza kama ulivyomweleza yeye. Mashine ile haina rejeta mbele kama gari. Maji yake yanapozwa kwenye mabati mapana yaliyo chini ya kiti, na mkanda wa mpira unaoiendesha ndio unaoyarushia theluji. Theluji ikiwa laini hakuna tabu. Lakini ya ukumbini, watu wakiikanyaga siku nzima, inakuwa ngumu kama sakafu, na mkanda unapita juu bila kurusha kitu. Ndiyo ukafunga vile vijiti, viikwangue barafu, vumbi lake lirukie mabati. Nilipovitoa walikuwa wamemwaga theluji mpya kwa ajili ya likizo, kwa hiyo haikuchemka siku ile. Ilingoja watu waikanyage. Sisi wa huku tumezoea kwamba kinachorukia chini ya gari ni mchanga, na mchanga ni adui. Sikuwaza kama ipo mashine inayoishi kwa kurushiwa.

Pengine uliniambia na mimi nikawa kwenye simu. Inawezekana sana.

Vijiti vilikuwa bado nyuma ya kiti cha pikapu, chini ya gazeti lako. Nikavifunga kwa bolti zile zile. Barasa akapanda, akaanza kuzunguka, na nyuma yake nikaona unga mweupe unaruka. Dakika kumi zikapita. Ishirini. Ilipofika nusu saa nilikuwa nalia, na koti nililoazima halikuwa na hata kitambaa cha machozi mfukoni. Nikamwita Bwana Nasser, na wale wafanyakazi wote waliokuwapo siku ile, nikamwambia: "Mkono wa Baba haukuchoka. Mimi ndiye niliyeharibu." Akainua mikono akakuombea rehema, na wote wakaitikia amin.

Mama nimempigia simu kabla ya kukuandikia. Kacheka, Baba, kwa mara ya kwanza tangu uondoke. "Mimi nilijua," kasema. "Siku ile karudi kala sahani mbili. Angekuwa na wasiwasi asingekula." Tungemuuliza yeye tangu mwanzo tusingehangaika.

Nisamehe. Kifua changu leo ni chepesi, nimekunywa chai yote bila kuisahau ikapoa.

Ahadi yangu ni hii. Kitu nisichojua kazi yake sitakitoa mpaka nimuulize aliyekifunga, na kama hayupo, nitamuuliza dereva. Na masharubu yatabaki. Yakilika, nitakata mengine kwenye springi ile ile, imebaki nusu. Bwana Nasser anataka niyapake rangi yafanane na mashine, nimekataa. Nataka yaonekane, watu waulize nani kafunga vyuma hivi. Safari hii sitanyamaza.

Lala, Baba, na Mola akupe kivuli baridi.

Mwanao na fundi wako,
Zuwena