Mfupa Uliofunga Machimbo

12 Februari

Mdogo wangu,

Machimbo yangu yalifungwa jana, Jumanne, saa nne asubuhi. Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu utasoma salamu tu, halafu uiweke barua pembeni.

Haya, hujambo? Wifi hajambo? Sisi huku miili ni mizima.

Walikuja watu wa idara ya mambo ya kale na lori la seng'enge. Mkubwa wao alinipa mkono kwa heshima zote, akanipongeza kwamba mwamba wangu sasa ni urithi wa wanadamu wote. Nikamwuliza wanadamu hao watakula nini, maana ninao ishirini na sita wanaokula kutokana na mwamba huohuo. Akacheka, akidhani natania. Kufikia adhuhuri uzio ulikuwa umezunguka mpaka chooni. Kompresa imo ndani. Tindo zimo ndani. Hata koti la Nyundo limo ndani, na Nyundo mwenyewe, msimamizi wangu tangu enzi za kupasua mawe kwa mikono, alisimama nje akilitazama kama mtu aliyefungiwa nyumba na mkewe.

Ulipokuja Jumapili ile ukautoa mfupa kwenye ukuta wa machimbo, uliniambia wakubwa watataka kona moja tu. Nilikuamini. Picha yako ya gazetini, umelishika lile taya kwa mikono miwili, niliibandika ofisini, na hakuna mteja aliyechukua mawe bila kuonyeshwa: huyu ni mdogo wangu, amegundua mnyama wa kale asiyejulikana, nusu mjusi nusu mnyama wa kunyonyesha, na amempata hapahapa kwangu. Sasa picha nayo imo ndani ya seng'enge.

Simu hupokei. Waandikie wafungue upande wa kaskazini, ambako hakuna mfupa wala kivuli cha mfupa. Wewe watakusikiliza.

Dada yako


3 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na wote wa hapo nyumbani. Sisi wazima, ila shughuli zimenizidi. Wiki iliyopita nilikabidhiwa ukuu wa idara hapa makumbusho, na taya lile limewekewa chumba chake peke yake. Watoto wa shule wanapanga foleni kuliona.

Pole kwa usumbufu. Naomba uelewe uzito wa jambo lenyewe. Miaka mingi wataalamu walijua kwamba kati ya mijusi wakubwa na wanyama wanaonyonyesha lazima alikuwepo mnyama wa kuunganisha, wakakosa taya lake. Lilikuwa kwako. Jina la machimbo yako liko kwenye majarida ambayo mimi na wewe hatukuwahi kuota kuyagusa. Nitazungumza na wahusika kuhusu upande wa kaskazini. Vuta subira kidogo.

Mdogo wako


20 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo na wa nyumbani kwako? Niliandika Aprili, nikaandika Mei. Kwa hiyo leo salamu zimeisha hapo.

Kibali changu kinasema mwamba usipochimbwa hadi mwisho wa Septemba, unarudi serikalini, apewe mwombaji mwingine. Nilikwenda ofisi ya madini kuwaeleza kwamba ni serikali hiyohiyo iliyonifungia. Karani akanijibu kwamba hizo ni idara mbili tofauti. Nikamwambia mimi ni mtu mmoja. Akaniomba nimpishe anayefuata.

Lori langu la mawe nimeliuza. Watu wangu wametawanyika, wengine wanapasua kokoto kando ya barabara, na Nyundo amehamia machimbo ya ng'ambo ya mto, yale ambayo mimi na wewe tukipita tulikuwa tunayacheka kwa kuchimbwa kutoka chini kama panya wanavyotoboa gunia. Hakuna anayeyacheka tena. Mnyama wako watu wamempa jina. Wanamwita Mzee Taya, na wakikutana hawaulizani habari za kazi, wanaulizana Mzee Taya ameshiba au bado.

Imekuja timu ya chuo kingine kuchimba ulipochimba wewe. Inaongozwa na daktari wa kike, si wa kutibu watu, wa visukuku, mifupa ya kale iliyogeuka mawe. Tunamwita Daktari wa Brashi, kwa sababu ukuta ambao Nyundo angeuangusha kabla ya chai, yeye anaufagia mwezi mzima. Ni mpole, ananiamkia kila siku kwenye uzio. Hajapata kitu. Si jino, si ukucha. Aliniambia kwamba kitu kikishaonekana mara moja, kazi ya wengine ni kurudi palepale kutazama kama kitaonekana tena, maana mnyama hakuishi peke yake duniani. Alikuwa na mama, na shangazi, na majirani, na wote walikufa mahali.

Jana akaniuliza nani mwingine aliuona mfupa ukiwa bado ukutani. Nikamjibu mdogo wangu tu. Ilikuwa Jumapili, watu hawapo, mimi nilikuwa msibani. Aliacha kufagia, akabaki ameishika brashi hewani.

Kwa nini alinyamaza?

Dada yako


25 Juni

Dada,

Shikamoo. Naandika kwa haraka.

Tafadhali usizungumze tena na yule mwanamke. Kazi zake zimekataliwa mara kadhaa na ana kinyongo na mimi. Wapo watu wa namna hiyo katika fani yetu. Wakishindwa kugundua, wanaishi kwa kuchimbua wenzao.

Nimeambatanisha karatasi. Ni maelezo mafupi kwamba wewe na Nyundo mliuona mfupa ndani ya mwamba kabla sijautoa. Wekeni sahihi, mnirudishie. Ni utaratibu tu, hakuna cha kuogopa. Mkinirudishia, siku hiyohiyo nawaandikia kuhusu upande wa kaskazini.

Mdogo wako


15 Julai

Mdogo wangu,

Hujambo? Barua zangu mbili za kulia zilikaa bila jibu. Ile ya kumtaja Daktari imejibiwa kabla wiki haijaisha. Mimi hesabu najua.

Karatasi yako nilimsomea Nyundo. Akasema atasaini, tena ataongeza kwamba aliuona ukipiga miayo, mradi arudi kazini. Tulicheka. Kisha akanitazama na kuniuliza: "Bosi, kwani wewe uliuona?" Nikaikunja ile karatasi.

Nilikwenda kwa Daktari. Usikasirike, sikwenda kukusema. Nilikwenda kuuliza kama machimbo yatafunguliwa kabla ya Septemba. Alinikaribisha kwenye hema, akafuta vumbi kwenye kiti, akaniambia kuna jambo ninalopaswa kulisikia kwake kabla halijanifikia kwa watu. Akafungua kompyuta.

Anasema vyuo vitatu viliomba kulishika taya hilo, ukawa unajibu kwamba ni laini mno, haligusiki. Ufunguo ulikaa mfukoni mwako. Ulipokwenda mkutanoni mwezi wa tano, mkurugenzi wako aliamuru kabati lifunguliwe, likapigwa eksirei, na picha akamtumia Daktari. Picha nimeziona. Kuna mstari umepita katikati, na ndani ya mstari kuna gundi iliyojaa mapovu ya hewa. Taya ni la mjusi. Meno ni ya mnyama mwingine, na yana mikwaruzo ya tupa ili yaingie. Kwenye mizizi ya meno kuna udongo mwekundu. Mwamba wangu ni mweupe juu hadi chini, hilo wala halihitaji daktari.

Ana meno mawili aliyoyapata kwa jasho lake, mbali na hapa. Majarida yamemkatalia kuyachapisha kwa kuwa hayafanani na ya Mzee Taya. Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayekuonyesha kovu ukiwa umemwuliza habari za kiatu.

Nikamwuliza kosa kama hili linaondoka vipi. Akajibu kwamba sayansi hujisahihisha. Nikauliza lini. Akanieleza: maabara nyingine zirudie vipimo, zilinganishe, jarida litangaze kuiondoa makala, ndipo idara ya mambo ya kale ifungue faili. Miaka miwili, ikienda vizuri. Labda mgunduzi mwenyewe aseme. Mgunduzi akisema kwa kinywa chake, kamati ya idara hiyo inaweza kuachia machimbo ndani ya wiki.

Kwa hiyo sayansi itafika, mdogo wangu, useme usiseme. Mimi ndiye ambaye sitafika.

Sijasaini. Nasubiri uniambie kwamba yule mwanamke ni mwongo, na uniambie kwa maneno ninayoweza kuyaelewa.

Dada yako


9 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo. Nimeianza barua hii mara nyingi. Wifi yako hajui lolote, naomba ibaki hivyo.

Mambo haya si mepesi kama alivyokuchorea. Vipimo vinaweza kusomwa kwa namna zaidi ya moja. Visukuku hutengenezwa, huungwa, hujazwa. Makumbusho yote duniani hutumia gundi. Na mnyama mwenyewe alikuwepo, hilo hakuna anayelipinga. Kama si mimi leo, mwingine angempata kesho. Mimi nimetangulia tu.

Wewe hujui kukaa miaka kumi kwenye idara ambayo kila mwenzako ana kitu chake kabatini na wewe una vumbi. Kila mkutano wanakuuliza, wewe umepata nini. Unarudi nyumbani, na wewe dada unauliza hivyohivyo, kwa upendo, lakini unauliza. Ningefanyaje?

Nilichagua kwako kwa sababu kwako ninaaminika. Sikudhani wangefunga pote. Naapa, nilidhani ni kona.

Nipe muda. Kamati inakutana mwezi ujao, nikivuka hapo nitatafuta njia ya kulimaliza taratibu, bila kelele. Wasipopata kitu huko watachoka wenyewe. Barua hii ukiisoma ichane.

Mdogo wako


28 Agosti

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi sijambo wa kusimama.

Nilichelewa kujibu kwa sababu ya kwenda na kurudi hospitali. Ukuta wa machimbo ya ng'ambo ulimeguka Jumatatu ya wiki iliyopita. Nyundo alitolewa akiwa hai, lakini mkono wa kulia umebaki na kidole gumba na cha shahada. Mkewe alinipisha kwenye kiti, akatoka bila kunisemesha. Nyundo akanieleza kwamba hakuna shida, bado anaweza kuninyooshea kidole nikikosea. Nikatoka nje kulia kwenye ngazi.

Barua yako nimeisoma hadi imelegea. Kurasa tatu, na hakuna mahali umeandika kwamba uliukuta. Umeandika kwamba ulichagua kwangu. Anayeokota hachagui pa kuokotea. Anayeficha ndiye huchagua, na wewe uliuchagua mlango pekee ambao ukiingia hakuna anayekuuliza umebeba nini. Ndicho kilichonichoma kuliko seng'enge. Ningekuwa mtu baki, mwamba wangu ungepona.

Na kweli nilikuuliza umepata nini. Nilikuuliza kama dada anavyomwuliza mdogo wake akirudi safari. Ungejibu sijapata kitu, ningekupakulia chakula.

Barua sijaichana, na sitampa mtu. Nikiipeleka mimi, itaonekana ni ugomvi wa ndugu kuhusu shamba la mawe, watajadili mwandiko mpaka Septemba iishe. Tena sitaki kukuvua nguo mbele ya watu. Nataka uvae mwenyewe utoke nje. Ukisema wewe, utakuwa mtu aliyekosea akajirudi. Ukinyamaza, watakusahihisha wao, na jina lako litakaa kwenye masomo ya wanafunzi kama mfano.

Kamati inakaa Ijumaa, tarehe 5 Septemba. Nimeitwa kama mwenye machimbo. Wakiniuliza kama niliuona mfupa ukutani, nitajibu sikuuona, kwa sababu sikuuona. Zaidi ya hapo ni yako kusema.

Alhamisi, tarehe 4, nitakaa kwenye hema la Daktari tangu asubuhi. Namba yake nimeiandika nyuma ya bahasha. Usinitumie maelezo, usinitumie pole, wala usinieleze gundi za makumbusho yote duniani. Nijibu hili moja, kabla ya saa sita mchana: mfupa ule ulitoka kwenye mwamba wangu? Ndiyo au hapana?

Dada yako