Vidonda vya Bi. Khadija

Amu, Jumatatu baada ya adhuhuri

Dada yangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka huku Amu, na dua zaidi ya salamu. U hali gani? Mguu wako umepoa, au bado unaukanda kila asubuhi? Watoto je? Mimi mwili mzima, ila roho ilikuwa imechafuka na sasa ndiyo inaanza kutulia. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, sikumpa mwandishi. Ukiona bahasha imefunguliwa nijulishe upesi, maana nina mtu ninayemdhania.

Umeniuliza kama ni kweli simwoshi mama mkwe wangu hata akaota vidonda. Dada, maneno yamefika Unguja kabla mimi mwenyewe sijajua kuwa nasemwa! Wote waliosafiri kutoka huku mwezi huu nimewapima mmoja mmoja, na bado nawapima. Haya, sasa nisikilize mimi.

Unajua kwamba Bi. Khadija, mama yake Bakari, alianguka ngazini, na ndiyo sababu mume wangu aliacha kazi Unguja akanileta kwao. Tangu siku ile haja ndogo hawezi kuizuia. Inamtoka hajijui. Basi anapigwa winda la kitambaa, na mimi ndiye ninayembadilisha kila wakati wa sala ukifika, kwa kuwa anataka kutawadha na kusali akiwa safi. Nimezoea. Sikuona kinyaa, wallahi, na kama niliona sikuonyesha.

Baada ya Idi ngozi yake ya mapajani ikaanza kuwa nyekundu, kisha kwenye kinena ikachubuka. Akawa hawezi kukunja goti bila kuuma meno. Wifi yangu Rukia, aliyeolewa Kizingitini, akaja kumtazama. Alifunua, akafunika, akanusa mkono wake, halafu akasema na kaka yake kana kwamba mimi ni nguzo ya nyumba.

"Mkeo hamwoshi mama yangu. Ijumaa n'takuya kumtukua. Kwangu kuna watu wa kumwangalia."

Bakari akainuka akamsindikiza dadake mlangoni. Kutonitetea kwake kuliniuma kuliko maneno ya dadake. Nikajua kuwa bibi yule akitoka mlangoni kwangu na vidonda vile, hakuna nyumba ya Amu nitakayokaribishwa, na Bakari atalala na mimi kitanda kimoja akiwaza kwamba nilimwacha mamake aoze.

Nikaanza kumshuku kila mtu. Wa kwanza alikuwa Rukia mwenyewe, maana yeye ndiye aliyeleta sabuni mpya, na kwa nini mtu alete sabuni bila kuombwa? Nikaitupa. Akafuata bibi mmoja wa Chundwa aliyetupa unga wa dawa wa kunyunyiza. Unga ule ukilowa unafanya madonge, na madonge yanakwaruza. Nao nikautupa. Kisha nikajishuku mimi, kwa kuwa nilikuwa namsugua kwa nguvu nikidhani ndiyo usafi. Nikaacha kusugua.

Nikafanya hivi, dada, na nakuandikia kwa sababu huenda siku moja ukahitaji. Nilimwosha kwa maji matupu ya birika la uani linalokinga mvua, yale matamu, si ya kisima. Nilimkausha kwa kumgusagusa na kanga kuukuu bila kupangusa, hasa kwenye mikunjo. Nilimwacha wazi kidogo apigwe na hewa, mlango nimeufunga. Kisha nikampaka mafuta ya nazi kidogo tu, ngozi iteleze. Winda nililifunga kwa ulegevu, na likilowa nalitoa palepale, singoji adhana. Vitambaa nilichana kanga zangu za zamani, laini kabisa, nikavifua mwenyewe.

Siku mbili zikapita na vidonda viko vilevile. Siku ya tatu kimoja kikatoa damu.

Hapo nikasema kuna mkono wa mtu. Jumatano asubuhi nikaaga kwamba naenda kwa jirani, nikapiga hatua mpaka ukumbini ili asikie, nikavua viatu, nikarudi nikasimama nyuma ya pazia la chumba chake. Ndiyo, nilimvizia mama mkwe wangu. Usinicheke.

Bi. Khadija alingoja kidogo. Kisha akajiinamia kwa taabu, akalifungua winda langu la kanga, akalisukuma chini ya kitanda. Akatia mkono chini ya mto akatoa kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri. Alipokikunjua nilisikia kinalia kama karatasi. Nikaingia.

"Bibi, hicho ni nini?"

Alikikumbatia kifuani. Nikakivuta ncha. Kilikuwa kigumu, kimetiwa kanji hata kingeweza kusimama chenyewe. Kilikuwa kilemba.

"Ni zilemba za marehemu," akasema, na machozi yakamtoka. "Zitambaa zako, na sasa hizo kanga zako, kila mtu azijua. Zikianikwa darini, mji mzima utaona ni mawinda yangu. Zilemba ni zilemba. Nani atauliza?"

Basi ndivyo ilivyokuwa. Nikitoka alikuwa akijivalisha vilemba vya mumewe, nikikaribia kurudi akijifunga tena winda langu, akivisuuza mwenyewe kwa maji ya kutawadhia, akivitia katika kapu la vilemba vya Bakari lililo kando ya kitanda chake, linalokwenda kwa mfuaji. Na mfuaji wa Amu akipewa kilemba atafanya nini? Atakitia kanji, atakipiga pasi, atakirudisha kikiwa kigumu kama ukili. Hakuna aliyemkosea. Kanji ile ikilowa inanata kwenye ngozi, ikikauka inakata. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Wewe mwana wa watu," akanijibu. "Kila ukinitazama, mato yako yalikuwa yahesabu nimekojoa mawinda mangapi."

Dada, nilitaka kukataa, lakini ni kweli nilikuwa nahesabu. Akanishika mkono akaniomba nisimwambie Bakari. Nikamkubalia kwa hasira, kwa sababu kumkubalia ni kukubali jina langu libaki chafu.

Ijumaa Rukia akaja na wachukuzi wawili na machela. Wachukuzi wakabaki ukumbini. Yeye akasimama mlangoni mwa chumba, Bakari nyuma yake. Vidonda vilikuwa vimeanza kukauka, lakini nani angetazama? Rukia alianza kukunja nguo za mama. Mimi nilishika ahadi yangu. Nilimtazama Bi. Khadija nikamwona anatazama ukuta, nikasema moyoni, mwanamke huyu ataniacha nizame.

"Rukia," akasema, bado anatazama ukuta. "Weka hizo nguo. Aliyenitia zidonda ni mimi."

Akawaeleza yote, mbele ya mwanawe, kilemba baada ya kilemba. Sauti yake ilikuwa ndogo. Bakari aliinamisha kichwa. Rukia akachomoa kilemba kimoja chini ya mto, akakisugua ndani ya kiwiko chake mara mbili, akakiweka polepole. Hakuniomba radhi, na sitegemei.

"Sasa tokeni," akasema Bi. Khadija. "Winda limerowa. Salma, wewe baki unibadili."

Wakatoka wote, na machela yao. Nilimbadilisha. Hata hapo nilimtazama usoni kuona kama ana jambo jingine kalificha. Vilemba vilivyobaki nimevichemsha mpaka kanji yote ikatoka, na sasa ni laini, navitumia pamoja na kanga. Tunavianika chumbani.

Ukiulizwa huko, sema tu Bi. Khadija amepona na aliyemwosha ni mimi. Sababu usimpe mtu.

Nisalimie mama yetu, mwambie namwombea. Msalimie shemeji, mume wako, na shangazi Mwanajuma aliyetulea, na wanao wote mmoja mmoja kwa jina. Bakari anakusalimu, siku hizi anaongea kidogo zaidi.

Mama mkwe wangu naye anakusalimu. Yuko hapa mkekani, goti kalikunja bila taabu, ananiuliza nimeandika nini kurasa zote hizi. Nimemwambia ni habari za mvua. Ananitazama. Haniamini hata kidogo.

Wako nduguyo,
Salma